Hoja ya Wati na Ubatili Wake

Imekuwa ada miongoni mwa wanunuzi wa vifyonza vumbi, na miongoni mwa wauzaji wao, na hata miongoni mwa waandishi wa magazeti ambao ilitarajiwa wawe na hadhari zaidi, kuamini kwamba ubora wa mashine hii hujulikana kwa tarakimu moja tu iliyopigwa chapa ubavuni mwa sanduku lake, yaani idadi ya wati. Kwamba yenye wati 2,000 ni bora kuliko yenye 1,600, na yenye 1,600 ni bora kuliko yenye 900, na kwamba yeyote amshauriye mnunuzi aichukue iliyo ndogo ama ni bahili ama anataka kumghilibu. Dhana hii imeenea kuanzia London hadi Kariakoo, na kwa kuwa imekaa muda mrefu bila ya kupingwa imevaa joho la ukweli. Nami nasema kuwa ni dhana batili. Imewapotezea watu mali na umeme, na, jambo ambalo kwangu ni zito zaidi, imeificha kazi ya wahandisi walioitumia miaka yao kuiboresha ala hii kwa njia zisizohusiana hata kidogo na kuongeza wati.

Dhana hiyo ilijidhihirisha waziwazi huko Uingereza katika mwezi wa Agosti mwaka 2014. Umoja wa Ulaya ulikuwa umetunga kanuni ya kwamba kuanzia tarehe 1 Septemba ya mwaka ule kifyonza vumbi cha nyumbani kisiingizwe sokoni ikiwa mota yake inavuta wati 1,600 au zaidi, na kwamba kuanzia tarehe 1 Septemba 2017 mpaka huo ushuke hadi wati 900. Siku zilipokaribia, magazeti yakapiga mbiu. Shirika la kutetea wanunuzi liitwalo Which? likawatanabahisha wasomaji wake kuwa baadhi ya mashine lililozisifu zingeondoka sokoni. Na watu wakakimbilia madukani kuziwahi zile kubwa kabla hazijatoweka. Ikasemwa kwamba mtu atalazimika kupitisha mashine mara mbili pale alipokuwa akipitisha mara moja, na kwa hiyo umeme utakaotumika utakuwa uleule au utazidi. Wengine wakaonya kuwa baada ya vifyonza vumbi zamu itakuwa ya mabirika ya umeme na vikausha nywele. Wachache mno waliuliza swali lililopasa kutangulia yote: je, wati inapima nini?

Wati iliyoandikwa juu ya sanduku ni kipimo cha umeme ambao mashine huuvuta kutoka ukutani, wala haituelezi ni sehemu gani ya umeme huo hugeuka kuwa kazi ya kuinua vumbi, na ni sehemu gani hupotea kwa joto, kelele na mtikisiko. Kuipa mashine daraja kwa wati zake ni sawa na kupima ustadi wa nahodha kwa wingi wa wali alao chomboni. Kazi yenyewe ya kufyonza ina kipimo chake, nacho kimejulikana kwa wahandisi tangu zamani: huchukuliwa kiasi cha hewa kipitacho ndani ya mpira kwa kila sekunde, kikazidishwa kwa tofauti ya mgandamizo iliyopo baina ya hewa ya chumbani na hewa iliyomo mashineni, na jibu lake ndilo nguvu halisi ya ufyonzaji. Nguvu hiyo, katika mashine nyingi zilizouzwa kwa fahari ya wati 2,000, ilikuwa ni sehemu ndogo tu ya umeme ulioliwa. Sehemu iliyobaki ilitoka nyuma ya mashine ikiwa ni hewa ya moto.

Ama wale waliodai kwamba kupunguza wati ni kurefusha muda wa kazi tu, walifikiri kwa mfano wa birika, na hapo ndipo lilipo kosa lao. Kuchemsha lita moja ya maji kunahitaji kiasi maalumu cha joto, kwa hiyo birika la wati 1,000 litachukua takriban maradufu ya muda wa birika la wati 2,000, na mwishowe hesabu ya umeme itakuwa ileile. Lakini hewa haina tabia ya maji yachemkayo. Hewa ikisukumwa kupitia mpira mwembamba, na mfuko, na kichujio, na kona zote zilizomo baina yake, upinzani wake huongezeka kwa mraba wa mwendo wake, na nguvu ihitajikayo kuisukuma huongezeka kwa kipeo cha tatu. Yaani atakaye kuongeza mtiririko wa hewa maradufu, pasi na kubadili kitu kingine chochote, hana budi kulipa nguvu mara nane. Igeuzwe hesabu hiyo upande wa pili. Ichukuliwe mashine ya wati 1,800, iachwe kama ilivyo kwa kila kiungo chake, kisha ipunguziwe umeme hadi wati 900: mtiririko wake wa hewa hautashuka hadi nusu, bali utashuka kwa takriban asilimia 21 tu. Basi hata tukiwakubalia wapinzani wetu kwamba mwenye nyumba atairefusha kazi yake kwa kadiri ya upungufu huo, akatumia dakika 63 pale alipokuwa akitumia 50, umeme atakaoutumia bado utakuwa chini ya thuluthi mbili ya ule wa kwanza. Na hapo wahandisi hawajagusa hata parafujo moja.

Nguvu iliyozidi ilikuwa ikienda wapi? Jibu limo mkononi mwa kila aliyewahi kuzitumia mashine za namna hiyo. Juu ya mpini wa bomba, karibu na kidole gumba, aghalabu kuna kidirisha kidogo cha kuteleza, na kazi yake ni kuingiza hewa ya kando pale kichwa cha kufyonzea kinapong'ang'ania zulia hata hakisukumiki. Mtumiaji hukifungua, zulia likaachia, na kazi ikaendelea; lakini hewa iingiayo kwa kidirisha hicho haikugusa vumbi lolote, ilhali mota inaendelea kuivuta kwa gharama yake kamili. Sihitaji burhani nyingine zaidi ya hiyo. Walionunua wati 2,000 kwa kuhofia uchafu walikuwa wakizimwaga kwa kidole chao wenyewe kila walipofika juu ya zulia nene, mahali hasa ambapo waliambiwa kwamba watazihitaji.

Atakayerejea katika tarikhi ya ala hii ataona kwamba tangu mwanzo wake haikukua kwa nguvu bali kwa fikira. Hubert Cecil Booth, muhandisi wa Kiingereza aliyekuwa ameshughulika na yale magurudumu makubwa ya kupandia watu huko Blackpool, Vienna na Paris, alionyeshwa London mwaka 1901 mashine ya kupuliza hewa kwa kishindo ili kutimua vumbi, na vumbi likawa linaruka na sehemu yake kubwa kutua tena palepale. Hakuuliza namna ya kuuzidishia nguvu upulizaji ule. Aliuliza kwa nini hewa isiende kinyume, na ili kujihakikishia alitandika leso juu ya kiti cha mkahawani akavuta hewa kwa kinywa chake mwenyewe, akaliona vumbi limenasa katika kitambaa. Mashine aliyoiunda ilikuwa kubwa mno, ikikokotwa na farasi na kuegeshwa barabarani huku mipira yake ikipitishwa madirishani, na ndiyo iliyoyasafisha mazulia ya Westminster Abbey kabla ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba mwaka 1902. Lau nguvu peke yake ingalikuwa ndiyo siri ya kazi hii, isingalihitajika mashine nyingine baada ya ile.

Lakini ilihitajika, na aliyeileta alikuwa mtu asiye na mtaji wala farasi. James Murray Spangler, mfanya usafi wa duka moja huko Canton, katika jimbo la Ohio, akisumbuliwa na pumu kwa vumbi la kazi yake, alichukua mota ndogo ya feni, sanduku, mpini wa ufagio na foronya, akaunda kitu ambacho mtu mmoja aliweza kukisukuma mbele yake. Na akakitia brashi ya kuzunguka ili ilikwangue zulia mbele ya hewa. Hati yake ya uvumbuzi ilitolewa tarehe 2 Juni 1908, haki zake zikanunuliwa na William Henry Hoover, mtengenezaji wa bidhaa za ngozi ambaye jina lake Waingereza hulitumia hata leo kwa mashine yoyote ya jinsi hii. Mwaka 1926 kiwanda cha Hoover kikaiongezea brashi ile vyuma vya kulipigapiga zulia, ili mchanga uliozama katika mashina ya nyuzi uruke juu kwanza, ndipo hewa iuchukue. Hatua hizo mbili, ya 1908 na ya 1926, zilifanya kwa zulia kile ambacho wati elfu za ziada hazikuweza kukifanya katika miongo iliyofuata.

Sababu yake ni ya kimaumbile, na inafaa kuielewa kwa tafsili kidogo, maana ndiyo inayoibomoa dhana ya wati kutoka msingini. Punje ndogo ya vumbi hushikamana na uzi wa zulia, au na ubao wa sakafu, kwa mvuto wa karibu ulio mkubwa kuliko uzito wake wenyewe. Na hewa ipitayo juu ya sakafu, hata iende kasi namna gani kwa juu, huwa kama imesimama pale inapogusana na sakafu yenyewe. Punje iliyolala ndani ya utando huo mwembamba wa hewa tulivu inapitwa na dhoruba bila ya kutikisika. Ili kuing'oa yatakiwa mambo mawili: kitu cha kuigusa na kuisogeza, nacho ni brashi, na kichwa kilichochongwa kwa namna ambayo hewa inalazimika kupita katika mwanya mwembamba sana karibu kabisa na sakafu, isipate njia ya mkato kwa juu. Kwa hiyo muhandisi anayekaa miezi akibadilisha upana wa mwanya huo kwa nusu milimita, na mwinamo wa ukingo wake wa mbele, na ulaini wa nywele za brashi, anafanya kazi yenye faida kubwa kuliko yule anayetia mota nzito zaidi. Lakini kazi yake haina tarakimu ya kuandikwa juu ya sanduku, na mnunuzi hataiona kamwe. Kadhalika mpira wa kupitishia hewa: ukiwa na kipenyo cha milimita 35 badala ya 32, upinzani wa msuguano kwa mtiririko uleule hupungua kwa zaidi ya theluthi. Milimita tatu za mpira! Nani amewahi kumsikia muuzaji akizitaja?

Kisha kuna suala la mahali pa kuliweka vumbi likishafyonzwa. Kwa miaka mingi mfuko wa karatasi ulikuwa ndio chombo na ndio kichujio kwa pamoja, na kasoro yake ilikuwa kwamba matundu yake madogo huziba kwa vumbi laini mapema sana, hata kabla mfuko haujajaa, na mashine iliyoanza vizuri asubuhi ikawa inahema. Dawa ya wauza wati ilikuwa kutia mota kubwa ishindane na mfuko ulioziba. Dawa ya James Dyson, aliyeanza kulishughulikia jambo hilo mwishoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa kuuondoa mfuko. Alikuwa ameona namna mashine za kuranda mbao zinavyotenga vumbi lake kwa kuizungusha hewa ndani ya pia kubwa ya bati, punje zikatupwa pembeni kwa kasi ya mzunguko na hewa safi ikapanda katikati. Akaazimia kuifanya pia hiyo iwe ndogo ya kutosha kuingia nyumbani, akaunda vielelezo 5,127 kabla ya kuridhika, na mashine yake ya DC01 ikaingia katika soko la Uingereza mwaka 1993. Sisemi kwamba pia hiyo ni ya bure, kwa sababu kuizungusha hewa namna ile nako kunakula mgandamizo. Wala sisemi kwamba mfuko umekufa, maana watengeneza mifuko nao hawakulala, wakaacha karatasi na kuchukua vitambaa vya nyuzi za sintetiki zilizopangwa tabaka kwa tabaka, ambavyo hushika vumbi laini ndani ya unene wake badala ya kuzibwa usoni. Ushindani wa njia hizo mbili umeleta maendeleo ya kweli, na katika kila njia shabaha ilikuwa moja, yaani kuitunza nguvu iliyopo isipotee njiani.

Hata katika mota yenyewe, ambako ndiko wati zinakoingia, maendeleo yalikuwa ni ya kuzipunguza. Mota ya zamani hupelekewa umeme kwa vipande vya kaboni vinavyosugua shaba inayozunguka. Vinalika, vinatoa cheche na vumbi jeusi, na kwa kasi ya mizunguko 30,000 na ushei kwa dakika vinakaribia mwisho wa uwezo wake. Mota mpya hazina kaboni hiyo. Mzunguko wake huongozwa na saketi za elektroni zinazowasha na kuzima sumaku za umeme kwa wakati barabara, na mota ya Dyson ya mwaka 2018 iitwayo V10 huzunguka mara 125,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo feni ndogo hufanya kazi ya feni kubwa, na kwa umeme kidogo mno. Mashine zisizo na waya, ambazo sasa zimejaa majumbani Ulaya na Asia, zinafanya kazi kwa wati mia chache tu kutoka katika betri ya lithiamu, na watu walewale walioapa mwaka 2014 kwamba wati 900 hazitoshi wanazinunua kwa hiari yao na kuzisifu. Betri ilimlazimisha muhandisi awe na insafu na kila wati. Sheria ya Umoja wa Ulaya ilimtaka muhandisi wa mashine zenye waya afanye vilevile.

Na sheria hiyo, ambayo ilitajwa na wapinzani kana kwamba haikuwa na kifungu kingine ila kile cha wati, ilisema mengi. Ilitaka tangu mwaka 2017 kelele isizidi desibeli 80; ilitaka mota idumu saa zisizopungua 500; ilitaka mpira ustahimili kukunjwa na kukunjuliwa mara 40,000; iliweka kiwango cha chini cha vumbi ambalo lazima litoke katika zulia na katika sakafu ngumu; na ikataka vumbi linalorudishwa chumbani na hewa ya kutokea nyuma lisizidi asilimia moja. Kifungu hicho cha mwisho kingelistahili peke yake kuwanyamazisha walioilaani. Kwani vumbi linaloonekana silo linaloingia mapafuni. Ni lile laini lisiloonekana, na mashine yenye mota kubwa na kichujio duni hulichukua kutoka sakafuni, mahali lilipokuwa limetulia, ikalitawanya hewani kwenye urefu wa pua ya mtoto. Kichujio bora cha daraja liitwalo HEPA, ambacho asili yake ni kazi za atomiki za miaka ya 1940, hunasa asilimia 99.97 ya punje zenye upana wa maikromita 0.3, lakini hunasa tu zile zinazopita kwake. Kama kifuniko cha mashine hakikuzibwa vizuri kwa mpira pembezoni, hewa chafu itapita ufani, na kadiri mota inavyokuwa na nguvu ndivyo itakavyopita kwa wingi.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo nauheshimu uzito wake. Tarehe 8 Novemba 2018 Mahakama ya Jumla ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililoletwa na kampuni ya Dyson, iliibatilisha kanuni iliyokuwa ikiweka lebo za daraja la nishati juu ya vifyonza vumbi, na lebo hizo zikaondolewa mwezi Januari 2019. Walioshabikia wati wakashangilia, wakasema mahakama imewapa haki. Lakini mtu asome sababu ya hukumu. Mahakama haikusema kwamba wati nyingi ni bora, wala haikuugusa mpaka wa wati 900, ambao uliwekwa na kanuni nyingine na ukabaki ulivyo. Ilisema kwamba vipimo vya lebo vilifanywa kwa mashine zilizo tupu, ambapo sheria mama ilitaka vipimo vinavyokaribia matumizi ya kweli, na nyumbani mashine haiwi tupu ila dakika za mwanzo. Hiyo ndiyo hoja yangu hasa. Mashine ipimwe kwa kazi ifanyayo, nayo ikiwa na vumbi tumboni, na si kwa umeme iulao ikiwa mpya na tupu.

Sidai pia kwamba wati chache ni dalili ya ubora. Ziko mashine za wati 600 zisizofaa kitu, zenye feni za plastiki zilizopinda na vichwa visivyogusa sakafu. Na mwuzaji anayeigeuza dhana ya zamani, akaanza kusifia uchache wa wati kama alivyokuwa akisifia wingi wake, amehama kosa moja akaingia lingine. Tarakimu ile haimfai mnunuzi kwa upande wowote.

Jambo hili linatuhusu sisi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki, na ndugu zetu walioko Oman na Ghuba, kwa sababu mpaka wa Ulaya haukufika kwetu. Mapipa ya kufyonzea yenye maandishi ya wati 2,000 bado yamepangwa madukani, na msikiti unaotaka kusafisha mazulia yake, au familia ya Muscat inayopambana na mchanga laini wa jangwani katika majlisi, huelekezwa kwenye tarakimu hiyo kabla ya kitu kingine. Naye wa Dar es Salaam akishanunua, huyaona matokeo katika uniti za LUKU, yaani umeme anaoulipia kabla ya kuutumia. Mashirika yetu ya viwango, TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya, yana mamlaka ya kudai zaidi ya hayo. Sanduku la kifyonza vumbi liandikwe kwa Kiswahili nguvu ya hewa iliyopimwa kwenye kichwa na si kwenye mota, ipimwe chombo kikiwa kimejaa nusu; iandikwe asilimia ya vumbi inayorudi chumbani; yaandikwe maisha ya mota kwa saa, na bei ya mfuko au kichujio cha kubadilisha, na mahali kinapopatikana. Idadi ya wati nayo iandikwe, maana mwenye nyumba ana haki ya kujua atalipa nini, lakini iwekwe mwishoni mwa orodha, kwa herufi ndogo kama hizo nyingine, pamoja na urefu wa waya.